Utambuzi wa Chanzo cha Kelele za Cheni ya Taimingi katika Magari Chakavu: Mazingira ya Kyimo, Wilaya ya Rungwe
Kyimo iko kando ya barabara kuu ya Mbeya hadi Tukuyu, mahali penye miinuko na baridi ya alfajiri. Katika mazingira hayo, gari chakavu lenye injini ya cheni, kama 1NZ-FE ya Toyota Probox, huweza kugongagonga mara linapowashwa. Makala hii inafafanua kuwa muda wa kelele ndio dalili ya msingi. Kelele inayokoma baada ya sekunde chache huashiria kuwa oili imechelewa kukifikia kikaza cheni, ambacho husukumwa kwa shinikizo lake. Kelele inayoendelea hata injini ikipata moto huashiria cheni iliyorefuka au reli zake zilizolika. Hata hivyo, kabla ya kufungua injini, sharti kiwango na hali ya oili vikaguliwe. Kisha mkanda wa altaneta uondolewe na injini iwashwe kwa muda mfupi tu, kwa kuwa pampu ya maji nayo husimama; kelele ikitoweka, chanzo si cheni. Utambuzi huo una uzito: cheni ikiruka meno, valvu huweza kugonga pistoni, na gharama ya cheni ikageuka kuwa gharama ya injini.