Okot p'Bitek Aliwasemaje Wakubwa?

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tumesikia habari za Song of Lawino, utungo wa Okot p'Bitek wa Gulu, jirani yetu wa ng'ambo ya Nile, uliochapishwa Nairobi mwaka 1966. Watoto huusoma shuleni. Huambiwa ni ugomvi wa mke na mume: Lawino anatetea mila za Kiacholi, Ocol anataka za Kizungu. Ni kweli, lakini si hayo tu.

Mwaka 1976 mtaalamu mmoja, G. A. Heron, alitoa kitabu kizima juu ya tungo za Okot. Alilinganisha Kiacholi cha kwanza na Kiingereza alichotafsiri Okot mwenyewe, akaonyesha jinsi utungo ulivyotoka katika nyimbo za Waacholi. Jambo hilo si dogo. Katika nyimbo za pombe, asiye na cheo aweza kumdhihaki mkubwa mbele ya watu. Basi Lawino, asiyejua kusoma, anapata kinywa cha kumhoji msomi wake.

Naye anahoji sawasawa. Ocol yumo katika chama kimoja cha siasa, ndugu yake katika kingine, hawaingiliani nyumbani, utadhani kuna damu iliyomwagika kati yao. Uhuru ulikuja mwaka 1962, wachache wakapata vyeo, ufukara ukabaki pale pale. Sisi tumeona matawi ya chama cha wafanyakazi yakipasuka vivyo hivyo, huyu kwa dini, yule kwa kabila, na mwajiri anatazama tu.

Okot mwenyewe aliisema serikali, akafukuzwa kazi, akahamia Kenya. Alifariki mwaka 1982.

Lakini kwa watu wa Arua na Koboko, kitabu kilicho karibu zaidi ni Lak Tar, cha mwaka 1953. Kijana Okeca hana mahari. Anakwenda Kampala, kisha mashamba ya miwa upande wa Jinja, na mwisho anarudi kwao mikono mitupu. Wazee wetu nao walikwenda Kakira na Lugazi kukata miwa, kwa ajili ya kodi na mahari. Kwa hiyo Okot alimtazama kibarua kabla hajamtazama msomi. Kasoro tunayoiona ni moja: Okeca anateseka peke yake, wala hakuna anayemwambia aungane na wenzake.

Kwa Kiingereza kitabu hicho kilitoka mwaka 1989, kwa jina White Teeth. Mwenye nakala ya Kiacholi awasimulie wenzake saa ya mapumziko, kwa Kiswahili, ili Mlugbara na Mkakwa wasikie pamoja.