Kukonda na Kupungua

Hapa Uvira, ukikutana na mtu aliyepungua kilo tano hutamsifu. Utamshika mkono na kumtazama usoni: "Mama, unaumwa? Ama ni mawazo?" Swali hilo lina historia. Mji huu uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika ulikimbiwa na wenyeji wake vita vilipoingia Oktoba 1996, si kwa mara ya mwisho, na Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba. Waliorudi walirudi wamekonda. Lugha yetu inatofautisha: kukonda humpata mtu kama homa, kupunguza mwili ni jambo analolitaka mwenyewe. Lakini jicho la jirani huona mashavu tu.

Sasa chukua mama muuza ndagala, mwenye kilo 90, aliyeambiwa kwamba sukari yake imeanza kupanda na apunguze uzito. Hesabu haimshindi, anaishi kwa hesabu. Kijiko kikubwa cha mawese kina takribani kilokalori 120, na sombe, kisamvu chetu cha nyumbani, haiishii kijiko kimoja. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kilokalori 7,700. Mawese anayokula yeye yakipungua vijiko viwili kwa siku, kwenye karatasi kilo moja inaondoka kwa mwezi na siku chache. Akili imekubali. Jioni bukari, ugali wetu, inawekwa mezani ikifuka moshi, watoto wanazunguka, na mkono unarudi kwenye sahani kabla hajaamua lolote. Kesho yake anajiita mroho.

Mimi simwoni mroho. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi mpevu unapoangaza ziwa lote, samaki hawakusanyiki vizuri kwenye taa na wavuvi wengi hupumzisha mitumbwi. Anayeuza ndagala miaka mingi amejifunza kula kinapopatikana. Mwili nao umejifunza hivyo, tena zamani kuliko yeye. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman huko New York iligundua leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwilini kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Akiba ikishuka, leptini hushuka. Njaa hupanda na mwili hubana matumizi. Ubongo hautenganishi ushauri wa daktari na safari ya ukimbizini.

Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha nusu njaa wanaume 36 wenye afya kwa wiki 24. Walijitolea kwa akili timamu, wakijua sababu. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kuwa wepesi wa hasira na huzuni. Ndiyo maana sipendi kumwambia mtu "jikaze".

Wala kuifukuza hisia si dawa. Daktari wa ubongo António Damasio alieleza habari za mgonjwa aliyemwita Elliot, ambaye baada ya kutolewa uvimbe kichwani alibaki na akili kali lakini hisia zilififia. Aliweza kupima kila njia, asiweze kuchagua hata mambo madogo ya siku. Hofu ya kukonda aliyonayo mama wa Uvira ni kumbukumbu yenye ukweli ndani yake, na mpango unaoidharau hautadumu.

Basi uamuzi ufanywe saa ambayo tumbo limetulia. Mafuta huamuliwa chunguni, asubuhi, si mezani usiku. Mawese yasifutwe kabisa, maana wekundu wake huupa mwili vitamini A ambayo watoto wanaihitaji, yapunguzwe tu. Ndagala wakavu, maharage na mboga za lenga-lenga vijaze nafasi ambayo bukari inaiacha. Watu wa nyumbani waambiwe mapema, ili sahani yenye tonge chache isionekane kama kuwakataa. Harusini ale. Wiki ya matanga si ya kuanza.

Tena lengo liwe dogo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulifuata watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki, liliugua kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mama yetu hizo ni kilo sita na kidogo, ambazo mashavu yanaweza kuzificha.

Lakini kilo zikitoka bila wewe kuzitoa, hasa pamoja na kikohozi kisichoisha, jasho la usiku au kiu isiyokatika, hapo jirani aliyekushika mkono ameuliza swali la kitabibu. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo, wapime kifua kikuu na sukari.