Choki Inakula Fedha za Umma

Mwaka 2006 ukame ulipoliathiri bwawa la Mtera, tuliujua mgawo wa umeme vizuri. Basi leo tuhesabu taa za ofisi zetu za umma.

Tyubu ya futi nne imeandikwa wati 36. Lakini juu yake ipo choki, ule mzigo wa waya unaopata moto na kuvuma, nao hula kama wati 9. Jumla 45. Tyubu ya LED ya wati 18 inatosha meza ileile, maana mwanga wake huelekea chini, haupotei kwenye vumbi la dari. Jengo lenye tyubu 200 zinazowaka saa kumi kwa siku litashuka kutoka uniti 90 hadi 36. Uniti 54 kila siku, na mlipaji ni wewe mlipa kodi!

Ugomvi wangu mimi ni na utaratibu wa kununua. Mtunza stoo hutafuta tyubu ya bei poa kwa fungu la matengenezo. Bili ya umeme hutoka fungu jingine, haimuumi. Fundi naye aambiwe aiondoe choki, kwani ikibaki itaendelea kula kidogo kidogo.

Tyubu za zamani zina zebaki, zisivunjwe jalalani. Nchi za Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba baada ya 2027 zisitengenezwe wala kuagizwa. Kwa hiyo anayejaza stoo sasa anajaza mali ya kuisha.