Je, Wajua? Upande wa Sauti Hujulikana Katika Shina la Ubongo

Fisi akilia usiku karibu na Mugumu, mlinda zizi hugeuza kichwa upande wa sauti kabla hata hajajiambia kuwa huyo ni fisi. Hesabu ya upande imekwisha fanyika chini kabisa, katika shina la ubongo, mahali ubongo unapoungana na uti wa mgongo.

Sauti inayotoka kulia huwahi sikio la kulia. Kwa upana wa kichwa cha mtu mzima, la kushoto huchelewa kwa mikrosekunde 700 hivi tu, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ajabu kubwa, kwangu, ni kwamba mtu mwenye masikio mazima hutambua hata tofauti ya mikrosekunde 10, ilhali mpigo mmoja wa seli ya neva huchukua karibu 1,000.

Neva ya kusikia, yenye nyuzi zipatazo 30,000, hutoka koklea ndani ya sikio na kuingia shinani. Hapo njia hugawanyika, na nyuzi nyingi huvuka upande wa pili. Ndiyo maana jeraha la ubongo la upande mmoja, likiwa juu ya hapo, ni nadra kuziba sikio moja.

Habari za masikio mawili hukutana kwanza kwenye viini viitwavyo zeituni za juu. Kundi moja la seli hulinganisha nyakati, na hufaa kwa sauti nzito kama za iritungu, ile ala kubwa ya nyuzi nane ya Wakurya. Jingine hulinganisha nguvu, kwa kuwa kichwa hukinga sauti nyembamba zisifike vizuri ng'ambo. Ujumbe wa kundi hili hupita kwenye kiungo alichokieleza Mjerumani Hans Held mwaka 1893: ncha ya neva iliyoikumbatia seli, miongoni mwa viungo vikubwa kabisa ubongoni. Ukubwa huo huufanya ujumbe uvuke karibu bila kuchelewa.

Kwa kuwa kazi hii yote huhitaji masikio mawili, mtoto anayetokwa usaha sikioni apelekwe zahanati mapema, sikio lisije likafa. Sikio moja likifa, zeituni hukosa cha kulinganisha. Kwenye barabara ya Tarime kwenda Sirari mtoto huyo ataisikia bodaboda vizuri, asijue inatokea upande gani.