Nani Acheze Wapi?

Je, msomaji, umepata kuwasikia watu wakibishana vikali juu ya mchezo ambao bado haujachezwa? Bila shaka umepata. Mpira huanza kuchezwa midomoni, ndipo ukafika miguuni. Lakini wako watu walioufanya ubishi huo kuwa desturi ya nchi, nao ni wapenda mpira wa Australia, hasa wale wa mji wa Melbourne. Watu hao hawaishii kuuliza ni timu gani itakayoshinda. Huulizana pia: fulani acheze wapi? Nyuma au mbele? Aanze, au akae nje angoje? Kwa swali hilo baba na binti yake waweza kununiana tangu Alhamisi mpaka Jumamosi.

Leo tuutazame ubishi huo, maana ndani yake mna jambo la kutufaa hata sisi tusiopata kuuona mpira wenyewe.

MCHEZO WENYEWE

Waaustralia wana mpira wao, usiofanana na huu wetu wala na ragbi. Ulianza Melbourne. Mwezi wa Julai 1858 mcheza kriketi mmoja hodari, Tom Wills, aliandika barua gazetini akiwashauri wenzake waanzishe klabu ya mpira, ili miili yao isilegee wakati wa baridi. Mwezi wa Mei 1859 kanuni za kwanza ziliandikwa. Basi kanuni hizo ni za zamani kuliko zile za chama cha mpira cha Uingereza, zilizoandikwa mwaka 1863.

Uwanja ni wa mviringo kama yai, na urefu wake huwa kati ya mita 135 na 185. Kila upande huweka uwanjani watu 18, na wengine wa akiba hungoja nje. Mpira una ncha mbili. Mchezaji aruhusiwa kuupiga teke, kuudaka kwa mikono, na kukimbia nao, maadamu audundishe au auguse chini kila baada ya mita 15. Akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, hapana budi aushike kwa mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili. Kuutupa ni kosa. Na mtu akidaka mpira uliopigwa teke umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, huachiwa nafasi aupige bila kusumbuliwa. Ndiyo maana huko utaona wanaume wakiruka juu ya mabega ya wenzao kama watu wanaochuma maembe.

Kila mwisho wa uwanja pana milingoti minne. Teke likipita kati ya ile miwili mirefu ya katikati, hilo ni goli, nalo ni pointi 6. Mpira ukipita kati ya mlingoti mrefu na mfupi, ni pointi 1 tu. Lakini usiidharau hiyo moja. Katika fainali ya mwaka 1966, St Kilda na Collingwood walipata magoli 10 kila upande. St Kilda walishinda kwa 74 dhidi ya 73, na pointi ile ya ushindi ilitoka mguuni mwa Barry Breen mchezo ukiwa karibu kwisha.

Jambo la mwisho, nalo ndilo mzizi wa ubishi wote: mchezo huu hauna ofusaidi. Mpira ukisha kuanzishwa, mtu yeyote aweza kwenda popote. Mahali ambapo kila mtu aweza kusimama popote, kila mtazamaji atakuwa na lake la kusema juu ya wapi angesimama.

MAJINA KUMI NA MANANE

Wazee wetu waliocheza mpira wa zamani wanawakumbuka fulbeki, sentahafu, insaidi na winga. Kwetu majina hayo mengi yamekwisha sahauliwa, lakini Australia majina ya namna hiyo yangali hai. Timu huandikwa kwa mistari ya watu watatu watatu. Nyuma kabisa yupo fulbeki na wenzake wawili wa pembeni. Mbele yao hafubeki watatu. Kisha senta na winga wawili. Kisha hafufowadi watatu. Mwisho yupo fulfowadi, mpiga magoli, na wenzake wawili. Hao ni 15.

Mstari wa sita ni wa watu wasio na makao, ambao huufuata mpira kila uendako. Wa kwanza ni raka, mtu mrefu arukaye kuugombea mpira mwamuzi anapouanzisha. Wa pili ni rova, mtu mfupi mwepesi aokotaye kinachoanguka miguuni pa raka. Wa tatu huitwa raka-rova, naye yu kati ya hao wawili. Kazi hiyo ya tatu ilipata sifa katika miaka ya 1950 kwa sababu ya kijana mmoja wa klabu ya Melbourne, Ron Barassi. Kijana huyo alikuwa na nguvu na moyo, lakini kwa raka alikuwa mfupi, na kwa rova alikuwa mkubwa. Mwalimu wa timu, Norm Smith, hakumwacha kwa kuwa hakuenea katika majina yaliyokuwapo. Alimpa kazi iliyolingana naye. Tulishike jina la Barassi, maana tutakutana naye tena.

ALHAMISI JIONI

Kwa miaka mingi michezo mikubwa ya Melbourne ilichezwa Jumamosi mchana, na timu zilitangazwa Alhamisi jioni. Televisheni ilipoingia, palikuwa na kipindi kilichoitwa League Teams, ambamo mashujaa watatu wa zamani, Lou Richards wa Collingwood, Jack Dyer wa Richmond na Bob Davis wa Geelong, waliyasoma majina na kutaniana. Ijumaa asubuhi majina yalikuwa gazetini, na ubishi ukapanda gari la moshi pamoja na watu waendao kazini. Siku hizi michezo imetawanywa katika siku kadhaa za juma, lakini ubishi haukupungua.

Hebu tusikilize wasemavyo. Mmoja adai kwamba mvua itanyesha, kwa hiyo mmoja wa wale warefu apumzishwe. Ana sababu: mpira ulioloa huteleza mikononi, haudakiki juu, hushuka chini, na huko chini watu wafupi wepesi ndio watawala. Wa pili ajibu kwamba ukimwondoa mtu mrefu, nani atamlinda fulfowadi wa wenzetu? Wa tatu hataki habari za warefu wala wafupi. Ataka mtu mmoja apewe kazi ya kumwandama senta wa wapinzani kama kivuli, hata kama yeye mwenyewe hataugusa mpira mchana kutwa. Wa nne acheka. Asema orodha ile ni ya kuwadanganya wapinzani tu, na yule aliyeandikwa nyuma tutamwona mbele. Naye pengine asema kweli, maana walimu wa timu hufanya hivyo.

Zaidi ya hayo, mwamba ngoma huvutia kwake. Aliyecheza nyuma ujanani huona kila timu imepungukiwa na mabeki. Mwenye mwana mfupi huona wafupi wameonewa.

MTU WA KUMI NA TISA

Sasa nikusimulie kisa ambacho wapenda mpira wa Melbourne hawachoki kukieleza. Tarehe 26 Septemba 1970, watu 121,696 walijaa katika uwanja mkubwa wa Melbourne kuitazama fainali ya Carlton na Collingwood. Kufika mapumziko Collingwood walikuwa mbele kwa pointi 44. Mwalimu wa Carlton alikuwa Ron Barassi yule yule, aliyetafutiwa mahali ujanani. Aliwaambia vijana wake wathubutu kupeana mpira kwa mkono, wauendeshe upesi. Kisha alimwita mtu aliyekuwa ameketi nje, Ted Hopkins, mtu wa akiba mwembamba ambaye Alhamisi ile wachache walilisoma jina lake mara mbili. Hopkins aliingia akapiga magoli manne. Carlton wakashinda kwa 111 dhidi ya 101.

Je, angalianzishwa tangu mwanzo, mambo yangalikuwaje? Wengine husema Carlton wasingaliachwa nyuma kabisa. Wengine husema alifaulu kwa sababu aliingia na miguu mipya, wapinzani wamechoka na kujiona wameshinda. Hakuna awezaye kuthibitisha, na ndiyo maana ubishi haufi.

Lakini kisa hakiishii hapo. Hopkins alicheza mchezo mmoja tu katika mwaka uliofuata, akauacha mpira mkubwa. Katika miaka ya 1990 alirudi kwa mlango mwingine: aliianzisha kampuni iitwayo Champion Data, ambayo huhesabu kila teke, kila mdako na kila kosa la kila mchezaji. Hesabu hizo sasa hutumiwa na vilabu vyenyewe, tena zimekuwa silaha ya kila mbishi. Zamani mtu alisema, "Nimemwona kwa macho yangu." Leo mwenzake amjibu, "Mimi nina hesabu yake."

Hata hivyo hesabu nayo ina upofu wake. Fulbeki aliyefanya kazi yake vizuri kabisa, hata mpinzani wake asipate mpira, huenda naye ameugusa mara chache. Ukimpima kwa miguso, utamwita mvivu.

KUHAMISHWA

Mwaka 1984 Essendon walianza robo ya mwisho ya fainali wakiwa nyuma ya Hawthorn kwa pointi 23. Mwalimu wao, Kevin Sheedy, akaanza kuhamisha watu. Billy Duckworth, aliyezoeleka kama beki, alipelekwa mbele. Bila shaka majukwaani wako waliouliza kama mzee amepatwa na wazimu. Essendon walipiga magoli tisa katika robo ile, wakashinda kwa pointi 24, na Duckworth akapewa nishani ya mchezaji bora wa siku.

Mfano mwingine unatugusa kwa karibu. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akapelekwa Australia angali mtoto. Alianza mpira mkubwa katika klabu ya Sydney. Ni mrefu, tena aruka sana, na mwaka 2020 Sydney walimtumia mara nyingine kama raka. Wapenda mpira wakabishana: mtu huyu ni wa wapi hasa? Mwisho wa mwaka huo alihamia Port Adelaide, nao wakamwacha katika ulinzi, awasome wapinzani na kuudaka mpira mbele yao. Mwaka 2021 alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi nzima. Hakubadilika mwili wala akili kati ya mwaka mmoja na mwingine. Alipata mahali pake.

NENO KWA WABISHI

Kubishana si vibaya, msomaji. Aliyeacha kubishana juu ya timu yake huenda ameacha kuipenda. Lakini tukumbuke mambo mawili.

Kwanza, yule aliyepanga orodha anajua mambo tusiyoyajua. Anajua goti la nani limevimba Jumanne, na nani hajalala kwa sababu mtoto wake yu hospitalini. Hayo hayaandikwi gazetini. Sisi huona jina limeachwa, tukasema mwalimu ni mjinga.

Pili, majina yale ni watu. Kijana wa miaka 19 aliyeandikwa mahali asipopazoea huyasikia maneno yetu. Iko tofauti kubwa kati ya kusema, "Huyu hafai kuwa fulfowadi," na kusema, "Huyu hafai." Neno la kwanza lamtafutia mahali pengine, la pili lamfungia mlango. Barassi angaliambiwa la pili, hapangalikuwa na raka-rova hodari kama yeye.

Na swali hili la nani acheze wapi haliishi uwanjani. Nyumbani mwetu mna mtoto aliyeshindwa hesabu mara tatu lakini ambaye hutengeneza kila kiti kilichovunjika. Darasani yumo msichana asemaye kidogo, ambaye wenzake wakigombana humwendea yeye. Kazini yupo mtu aliyewekwa mbele ya meza kwa miaka kumi, na moyo wake uko shambani. Tumezoea kuwapima hao mahali tulipowaweka, tukiandika karibu na majina yao kwamba hawawezi. Mara ngapi tumejaribu kuwahamisha?

Basi jioni ya leo, baada ya chakula, waulize watu wa nyumbani mwako swali hilo wakujibu kwa uhuru: kila mmoja aseme angependa kucheza wapi. Usiwakatize. Huenda ukalisikia jibu ambalo hukulitazamia, tena kutoka kwa yule ambaye siku zote umemweka akiba.