Mbegu ya Karafuu Haina Subira



Katika nchi za baridi wako wapandao mbegu za bustani nje wakati wa theluji. Baadhi yake hazioti mpaka zipate baridi kwanza, nazo hungoja miezi ardhini bila kudhurika.

Yetu sivyo. Mpeta ukiiva rangi ya zambarau na kuanguka, urowekwe usiku mmoja, ganda litolewe, mbegu ipandwe asubuhi yake kitaluni penye kivuli. Ikikauka imekufa, na wiki moja ghalani yatosha kuiua. Ikipandwa mbichi huota baada ya wiki mbili hadi sita.

Basi anayeweka mipeta kapuni akingojea masika atapanda maiti. Heri apande sasa, amwagilie kwa mkono.