Kengele Ikiongezwa Vyumba, Iongezwe na Nguvu

Si siri tena kwamba ofisi nyingi za Unguja na Pemba, za Serikali na za watu binafsi, siku hizi hazitegemei komeo na mlinzi peke yake. Ukutani penye mlango wa kuingilia utakuta kibao chenye tarakimu, na juu pembeni mwa dari utakuta kijicho cheupe kinachowaka taa nyekundu kila mtu apitapo. Hizo ndizo kengele za wezi, na sisi hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu unahusu jambo linalotokea baadaye, pale jengo linapoongezwa vyumba na kengele nayo ikatakiwa iongezwe.

Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja kwa jina, kilifunguliwa chumba kipya cha majalada katika ghorofa ya pili. Humo ziliwekwa hati za viwanja na nyumba, vitu ambavyo mwananchi akipotelewa navyo huweza kupoteza hata urithi wake. Ikanunuliwa moduli ya nyongeza, fundi akaifunga, taa yake ikawaka, na hundi ikatiwa saini. Miezi kadhaa baadaye, usiku mmoja wa kusi, dirisha la chumba hicho lilikuwa likipigapiga. Mlinzi akapanda kwa ngazi ya nje kwenda kulifunga, na kengele hakuizima kwa kuwa hakujua namna ya kuizima. Kijicho kikamwona, taa nyekundu ikawaka, lakini king'ora hakikulia. Asubuhi yake tulikuwa tumefika pale kwa shughuli nyengine, na mlinzi mwenyewe ndiye aliyetusimulia, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefanya kosa.

Kosa halikuwa lake. Paneli ya kengele, yaani kile kisanduku kikuu, huwa na nafasi maalumu za kupokea habari za milango na vijicho. Nyingi za ukubwa wa kati huwa nazo nane. Zikijaa, hufungwa moduli ya kuongeza nafasi nyengine nane, ikaunganishwa na paneli kwa waya nne: mbili za kupeleka umeme na mbili za kupeleka habari. Kila moduli hupewa nambari yake, kwani mbili zikiwa na nambari moja hugongana. Kisha paneli yenyewe, kupitia kile kibao cha tarakimu, huambiwa kwamba moduli hiyo ipo, kila nafasi yake ni ya chumba gani, na kama king'ora kilie papo hapo au kimsubiri mwenye funguo aizime. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyorukwa. Taa ya moduli huonesha kwamba umeme umefika, basi. Haioneshi kwamba kuna anayesikiliza.

Liko kosa jengine lililo baya zaidi, kwa sababu kengele hulia vizuri siku ya majaribio. Kila waya unaokwenda mlangoni hutakiwa kuwa na kipande kidogo chenye michirizi ya rangi, ambacho mafundi hukiita rezista. Mahali pake ni mwisho wa waya, kule mlangoni. Fundi mvivu hukitia ndani ya kisanduku, maana ndipo mikono yake ilipo. Hapo, mtu yeyote akizichubua waya hizo njiani na kuzigusanisha, paneli itaendelea kuamini kwamba mlango umefungwa, hata ukiwa wazi kutwa nzima. Kipande hicho kikiwa mwisho wa waya, mgusano huo hugunduliwa mara moja.

Lakini linaloumiza zaidi visiwa vyetu ni hesabu ya umeme. Tuchukue mfano. Paneli ina uwezo wa kutoa miliampea 700 kwa vifaa vyake. Vijicho 12 vya miliampea 15 kila kimoja vinakula 180, na vibao viwili vya tarakimu vinakula 200, jumla 380. Sasa ongeza moduli mbili za miliampea 30 na vijicho 16 vipya: jumla inafika 680. Paneli inahema, na king'ora bado hakijalia. Umeme wa mjini ukikatika, betri ya ampea-saa 7 iliyokuwa ikilisha mzigo wa mwanzo, pamoja na miliampea 100 za paneli yenyewe, kwa muda wa saa 14 hivi, sasa itauweza mzigo mpya kwa saa 9 tu, tena ikiwa mpya. Jengo lililofungwa Ijumaa jioni halitakuwa na kengele Jumamosi alfajiri.

Nani asiyekumbuka mwaka 2008, Unguja ilipokaa takriban mwezi mzima bila ya umeme kutoka bara, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010? Kwa msiba wa namna ile hakuna betri itakayotosha, na jenereta ni lazima. Lakini kwa usiku mmoja wa giza dawa ipo: moduli za mbali zipewe kisanduku chao cha umeme na betri yao, na waya hasi wa kisanduku hicho uunganishwe na ule wa paneli, la sivyo habari hazitasomeka.

Hewa yetu ya chumvi nayo hula ncha za waya, mijusi hutambaa juu ya vijicho na kuamsha mtaa mzima, na milango ya mbao huvimba wakati wa masika hata sumaku zake zikaachana. Vifaa visivyo na waya, ambavyo wauzaji huvisifu sana, hupata taabu kupenya kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe.

Tunawaomba wakuu wa ofisi wasitie saini hundi kwa kuona taa. Fundi na apite katika kila chumba kipya, mwengine akiwa mbele ya kibao akisoma jina la chumba linalotokea. Achomoe waya wa moduli, aone kama paneli italalamika. Azime umeme mkuu usiku kucha, na asubuhi king'ora kijaribiwe kwa betri pekee. Hesabu ya miliampea iandikwe, na karatasi yake ibaki ofisini.

Na ile namba ya siri ya fundi, inayoweza kubadilisha kila kitu ndani ya paneli, isiachwe kama ilivyotoka kiwandani, kwani huchapishwa katika kitabu ambacho yeyote anaweza kukipata. Katika ile ofisi ya majalada tuliikuta imeandikwa kwa penseli upande wa ndani wa mlango wa paneli, na mlango wenyewe haukuwa na ufunguo.